Kala Katika Ndoo ya Rangi

Maua haya meupe mama aliyaita kala. Aliyaotesha kwao Lushoto, kwenye baridi. Alipofariki nilichimba viazi vyake nikavileta mtaani kwetu Gerezani ndani ya mfuko.

Wapangaji wa nyumba yetu wakanicheka. "Joto hili la Bongo, shoga? Yatachemka hayo."

Niliyapanda uani, chini ya tangi linalovuja. Ghorofa la jirani lilishatunyang'anya jua, basi nikasema kivuli chake nacho kinifae kwa hili. Majani yakatoka mapana. Ua, hakuna. Na mimi nilishatolewa titi kwa saratani, nilishazika mume. Nilitaka ua moja tu la mama kabla sijamfuata.

Ramadhani ikafika. Siku hiyo natoka kliniki, nakuta udongo umefukuliwa. Aliyefukua namtaja: ni wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, tunakaa nyumba moja, urithi wa kwao. Aliona yale majani akadhani magimbi. Sufuria iko jikoni, tui linachemka.

"Wifi, hayo siyo magimbi. Yanawasha."

"Unaninyima futari? Magimbi ya uani ni ya wote."

Adhana ya magharibi ikalia. Akala tende, akafuatisha kipande cha kiazi changu. Hakumaliza kutafuna. Akatema, ulimi nje, anajipepea kwa kanga.

Kesho yake mimi ndiye mwenye kosa. Nimepanda sumu uani. Kaka yake naye akaja kusimama mlangoni kwangu, yeye ambaye nilipolazwa wodini sikumwona hata kwa uji.

"Shemeji, ng'oa kilichobaki. Hapa kuna watoto."

"Nitang'oa, shemeji."

Nikang'oa kweli. Halafu nikaenda kupekua maganda aliyotupa wifi, nikaokota vichipukizi alivyovikata. Nikavipanda kwenye ndoo ya rangi. Uani ni kwao. Ndoo ni yangu. Asubuhi naitoa nje, naiweka kivulini chini ya tangi, jioni naiingiza chumbani nafunga mlango. Mkono wa upande wa upasuaji hauna nguvu, nabeba kwa huu mwingine, napumzika katikati ya korido, naendelea.

Miezi imepita hivyo. Jana wifi kanikuta nimepumzika hapo.

"Bado unalihangaikia hilo? Si lilikufa?"

Nikamgeuzia ndoo aone. Katikati ya majani kuna kikonyo kimesimama, juu yake ua changa limejikunja kama faneli, ncha imeanza kuwa nyeupe.

"Nipishe wifi," nikamwambia. "Lisije likavunjika."

Akapisha.