Kiti cha Kushoto cha Mama

Gari letu lina usukani upande wa kulia. Lilitoka Zambia, kama magari mengi ya Kolwezi. Lakini huku kwetu tunaendesha upande wa kulia wa barabara, kwa hiyo dereva akiwa nyuma ya lori haoni kitu ila matako ya lori. Anayeona ni yule aliyekaa kushoto, na tangu utoto wangu huyo ni mama. Baba alishika usukani, mama alishika barabara. Akisema "Ngoja," baba anangoja. Akisema "Pita!", baba anapita bila kuuliza. Mimi huuliza kila kitu, hata padri nimemhoji hadi akaanza kutazama saa yake, na sijaona mtu mwingine akiaminiwa namna hiyo.

Mwaka huu injini ilianza kuchemka. Fundi akasema lazima ifunguliwe yote. Nikamweleza baba, kwa sauti ya mtu mwenye diploma, kwamba kutengeneza gari linaloendeshwa kwa kuamini macho ya mtu mwingine ni ushirikina. Afadhali tuliuze, tutafute lenye usukani wa kushoto.

"Humo dereva anajionea mwenyewe," nikasema. "Hahitaji msaidizi."

Mama alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo. Mikono ikasimama.

"Na miye nitakuwa nafanya nini mule?"

"Utapumzika, mama."

"Nilikuambiaka nimechoka?"

Baba akaanza kuulizia wanunuzi. Mnunuzi akaja Jumamosi: kijana mfanyabiashara wa madini, amevaa miwani myeusi na viatu vyeupe, ambavyo katika vumbi letu ni ujasiri mtupu. Akataka kulijaribu gari hadi daraja la Lualaba. Baba hawezi kuvumilia mkono wa mtu mwingine kwenye gia zake, akabaki nyumbani.

"Mama, enda naye," akasema. "Umuangalilie barabara."

Mama akafunga kitambaa chake cha kanisani, akakaa kushoto. Mimi nikaingia nyuma yake.

Tulipotoka tu mjini tukakuta lori la shaba, linakwenda kama limebeba maiti.

"Mama, nipite?" kijana akauliza.

"Ngoja kwanza, mwana. Kamio iko nakuya."

Nikachungulia kuliona hilo lori linalokuja. Barabara ilikuwa tupu hadi juu ya mlima.

"Na sasa?"

"Mapikipiki. Na mizigo."

Pikipiki ipi? Kijana akajaribu kujitokeza mwenyewe kidogo. Mama akatupa mikono yote miwili juu ya dashibodi: "Yesu weee! Unataka kutuua?" Kijana akajirudisha upesi nyuma ya lori, akakaa huko hadi darajani. Wakati wa kurudi Mungu akatupatia lori lingine. Sakafu ya gari letu ina tundu, na tulipofika nyumbani vile viatu vilikuwa na rangi ya ardhi.

"Tata, hii motokari haina nguvu," kijana akamwambia baba. "Ni ya kuenda nayo kanisani tu." Akapanda pikipiki ya abiria, akaondoka haraka kuliko alivyokwenda siku nzima.

Baba akamtazama mama. "Barabara ilikuwa na bintu mingi?"

"Sana. Makamio na mapikipiki."

Akanigeukia. "Weye uko na masomo. Uliona nini?"

Chuo kikuu kilinifundisha kudai ushahidi. Sasa ushahidi ulikuwa mimi. Mama alikuwa anakifungua kitambaa chake polepole mno, wala hakunitazama.

"Vumbi, papa," nikasema.

Basi injini ikafunguliwa, baba akinung'unika kila mara alipotoka garaji. Safari ya kwanza ilikuwa ya shambani, njia ya Nzilo, na lori halikukosekana.

"Pita!" mama akasema, kabla baba hajauliza.

Nikajisogeza kushoto kuhakikisha.

"Weye, tulia kule nyuma!" akasema bila kugeuka. "Barabara iko na mwenyewe."

Baba alikuwa ameshapita.