Data Iliyoachwa Wazi

Baba yangu hakuwahi kufunga mlango mchana, na data ya simu aliichukulia vivyo hivyo. Nilipojifungua huku Busia ya Kenya, mtoto alizaliwa kabla ya wakati wake, akawekwa kwenye mashine ya joto, nami nikalazwa. Baba alikuwa Sikuda, ng'ambo ya mpaka, miguu imemvimba, hawezi kusafiri. Alitaka kitu kimoja tu: kumwona mjukuu wake wa kwanza kwenye simu.

Chumba cha watoto simu ziliruhusiwa jioni tu, na kila jioni nikimpigia, hapatikani. Nilinuna mpaka muuguzi akanionea huruma. Asubuhi baba ananipigia mwenyewe, mchangamfu kabisa:

"Data naacha iko wazi usiku na mchana, mama. Ukipiga, usikute mlango imefungwa."

Kwetu minara ya nchi mbili inagombania simu. Yake ilikuwa na laini mbili, kama za watu wengi wa mpakani, ikashinda kutwa ikihangaika, mara Uganda, mara Kenya, data inawaka, hata akiwa ameitia tu mfukoni. Alisema inamchoma kifua. Ikifika adhuhuri chaji imekwisha, na kibanda cha kuchajia kiko mbali kwa mtu wa miguu ile, mpaka jirani aipeleke jioni na kuirudisha asubuhi. Niliichukia simu hiyo, na ni mimi niliyemnunulia.

"Zima data, baba. Washa jioni tu."

"Kumbe inakula chaji hata kama sisemi?"

"Inakula sana."

Alicheka. "Basi nachaji, halafu nazima simu yote. Kesho jioni naona mtoto."

Mtoto alifariki alfajiri.

Nilipiga simu ya baba, imezimwa. Nilipiga tena, kama mjinga, huku nikijua nani aliyemwambia azime. Sikutaka aiwashe jioni akutane na uso wangu tu. Nilimwachia mume wangu shughuli za mazishi, nikavuka mpaka kwa bodaboda, kila shimo la barabara likinipasua tumbo.

Baba alikuwa kibarazani, amenyoa ndevu, amevaa shati la kanisani. Aliponiona alifurahi, akadhani nimeruhusiwa kutoka hospitali. Akaiwasha simu haraka, akanigeuzia kioo.

"Ona, chaji imejaa! Leo haitazima." Akachungulia nyuma yangu, kwenye pikipiki. "Mtoto umeacha na nani? Piga basi, mama, tumwone."