Mama Kaimu achoka kulinda kiti cha wenzake

Saa tatu asubuhi simu inalia juu ya meza ya chakula. Meneja wa uzalishaji wa kiwanda cha magodoro anaitupia jicho, anasonya, anaendelea kupiga pasi shati la mumewe ambalo alilipiga pasi jana.

"Wapige mpaka wachoke," anasema. "Mimi niko likizo."

Simu inanyamaza, kisha inalia tena. Mkono ulioshika pasi unasita. Mumewe, mwalimu wa hesabu asiye na kipindi asubuhi hii, anaichukua simu na kuifungia kabatini.

"Mama watoto, uliapa."

"Niliapa nikiwa na hasira. Sasa nina wasiwasi."

Ni likizo yake ndefu ya kwanza tangu aajiriwe kiwandani kama karani wa stoo, miaka kumi na saba iliyopita. Wala hapumziki. Yuko kwenye mtihani, na kanuni yake ni kwamba asiguse chochote.

Kiwandani wanamwita Mama Kaimu. Ni utani, lakini una mwiba ndani yake. Wakurugenzi watatu wamekuja na kuondoka, na kila kiti kilipobaki wazi bodi ilimwita yeye akaimu, kwa mshahara uleule wa umeneja. Anatuliza wateja, anabembeleza benki, mambo yananyooka. Kisha analetwa bwana mpya, na Mama Kaimu anaambiwa amwonyeshe kazi.

"Wa mwisho nilimfundisha hata tofauti ya godoro gumu na laini," anasema. "Alikuwa anayabonyeza kwa kidole kama mtu anayechagua parachichi sokoni!"

Safari hii kiti kilipobaki wazi, aliomba nafasi hiyo mwenyewe. Usaili ulikwenda vizuri hadi mwenyekiti wa bodi, mzee mpole asiyepandisha sauti, alipomuuliza: "Dada yangu, ukipanda wewe, kule chini atabaki nani? Bila wewe kazi itasimama."

Wajumbe wakaafiki kwa huzuni, kana kwamba wamefiwa. Wakamwomba akaimu tena, "kwa muda kidogo tu", wakati wanatafuta mtu kutoka nje.

"Yaani nikiharibu kazi, sifai. Nikiifanya vizuri, nibaki palepale. Sasa nifanyeje?" anauliza huku akiibamiza pasi. "Kweli asante ya punda ni mateke."

Palepale alikataa kukaimu. Akaomba likizo ya mwezi mzima, akaiacha idara mikononi mwa msaidizi wake, akawaambia wajumbe wakae waone. Tangu siku hiyo halali vizuri. Idara ikianguka, watasema walijua. Ikisimama, huenda wakasema kumbe hakuwa na kazi ya maana.

Msaidizi huyo ni dada mwembamba anayeitwa Kisu, kwa sababu alianzia kwenye meza ya kukata povu. Tulimkuta kiwandani jana, vumbi la povu limemjaa nywele, akigombana na dereva wa lori.

Anasimulia kwamba wiki iliyopita mashine ya kumimina povu iliziba, huku magodoro ya hospitali yakitakiwa siku hiyohiyo. Vijana wakakimbilia simu.

"Nikawaambia, atakayempigia Mama ataizibua hii mashine kwa meno yake," anasema Kisu. "Mama alinifundisha hii kazi mpaka nikamchukia. Ningempigia aniambie nini kipya? Nikaenda chooni nikalia kidogo, nikarudi, tukaizima, tukaizibua, tukamimina upya."

Lori liliondoka jioni likiwa limejaa.

Jumapili Kisu alikwenda kumweleza bosi wake habari hizo, akijua zitampendeza. Zilimpendeza. Alimkumbatia, akacheka mpaka akakaa chini. Lakini mgeni alipoondoka, furaha ikamwingia nyongo.

"Niliumia, sitaki kudanganya," anasema Mama Kaimu. "Hata kuniuliza swali moja? Nilitaka waweze bila mimi. Walipoweza, nikajiona kama kiatu cha zamani."

Tukiwa bado sebuleni kwake, inalia simu ya mumewe. Ni mwenyekiti wa bodi, amechoka kupiga ile ya kabatini. Mwalimu anaweka sauti ya juu ili wote tusikie.

"Shemeji, mpe dada. Tumeona kiwanda kinakwenda. Basi Jumatatu aje, wajumbe wote tutakuwepo. Tunafikiria akaimu miezi sita hivi, tumtazame."

Mama Kaimu anafumba macho.

"Shikamoo, mwenyekiti. Kukaimu nimeacha. Na miaka yote hiyo mlikuwa mnatazama nini?"

Mzee anakohoa. "Njoo tu Jumatatu, dada yangu."

Mwalimu anamuuliza mkewe kwa upole kama amepiga hesabu vizuri. Kwani jana mkewe alimwandikia mwenyekiti akiomba Kisu athibitishwe kuwa meneja, hata kama bodi haitampa yeye ukurugenzi.

"Ukikosa?"

"Nitakuwa nimekosa vyote viwili. Lakini yule binti simfanyii nilivyofanyiwa mimi."

Anachomoa pasi ukutani. Jumatatu atakwenda, na anachotaka kuwaambia wajumbe ni kifupi.

"Waliniuliza, nikipanda nani atabaki pale. Nimewapa mtu, na wamemwona. Kiti changu kina mwenyewe sasa," anasema. "Wao waniambie mimi nikae wapi."