Zamu Mbili Hadi kwa Bintiye

Saa mbili kasorobo asubuhi, magurudumu yanalia kwenye sakafu iliyotoka kupigwa deki. Kitini amekaa bibi aliyekumbatia mkoba wake. Anayemsukuma ni mama wa miaka hamsini na miwili, ambaye wenzake hapa uwanja wa ndege wanamwita Mama Breki, kwa kuwa hajawahi kumgonga mtu.

"Mwanangu, huko juu kunatisha?" bibi anauliza.

"Wala, mama. Unakaa tu kama ulivyokaa hapa. Ila mimi hutaniona."

Bibi anacheka kidogo. Kwenye mlango wa ndege Mama Breki anafunga breki, anamkabidhi abiria wake kwa mhudumu, anageuza. Hatua mia sita na arobaini kwenda, mia sita na arobaini kurudi. Kwa miaka kumi na tisa hajauvuka mlango ule.

Mwezi ujao atauvuka. Binti yake wa pekee, aliyeolewa mbali, anatarajia mtoto wa kwanza, na amemtumia mama yake tiketi. Ni kilomita elfu kumi na moja na mia mbili, bila kutua popote.

Mwanzoni hakuogopa. Tiketi ilisema kuondoka saa tano usiku, kufika saa moja asubuhi. Akahesabu kwa vidole: saa nane. "Nikasema, kumbe! Zamu moja na kachai kidogo."

Msukuma viti mwenzake, anayetaniana naye kama shemeji, alishika mbavu. "Shemeji! Miaka yote hii uwanjani? Kule saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa sita. Utakaa hewani saa kumi na nne!"

Yeye anayewatuliza wasafiri kila siku akaingiwa na hofu. Akampigia bintiye. Labda aende baada ya mtoto kuzaliwa, alimwambia, asije akawa mzigo na presha yake.

Binti akamjibu: "Mama, mtoto hana haraka na wewe. Mimi ndiye ninayekutaka."

Mama Breki anasimulia haya akifuta mikono ya kiti kwa kitambaa, mmoja kisha mwingine, ingawa yote ni safi. Siku ile alirudi kazini, akasukuma, akawaza. Zamu moja hapa ni saa saba.

"Zamu mbili mfululizo nimefanya mara ngapi mwenzangu akiugua? Tena kwa miguu! Huko nitakuwa nimekaa."

Hakubadilisha tarehe. Atafika wiki moja kabla ya siku aliyotaja daktari.

Yule shemeji wa utani ameapa kumsukuma yeye mwenyewe hadi mlangoni, kama malkia. Amekataliwa, atabeba mkoba tu.

"Nitatembea," anasema Mama Breki. "Hatua mia sita na arobaini nazijua zote. Mwanangu yuko kwenye ile inayofuata."