Meya aliyelinda nafasi ya mpinzani wake kwenye theluji

Alfajiri hii theluji imefika magotini, na Meya Geraldine Pacholski, mwenye miaka sabini na moja, anagonga mlango mwingine katika Mtaa wa Elder. Mkononi ameshika beleshi.

Kando ya njia vimesimama viti vya jikoni. Hapa Brindell, nje kidogo ya Chicago, ukishazoa theluji mahali pa kuegesha gari lako, unaweka kiti. Hakiguswi. Anayekigusa asilalamike akikuta tairi halina upepo.

Lakini mtaa ni mwembamba, viti vikibaki greda la kusukuma theluji halipiti. Na kule mwisho wa mtaa mkazi mmoja, Bernice Novotny, mgonjwa wa figo, anangoja gari la wagonjwa limpeleke kusafishwa damu. Jana halikumfikia. Leo likikosa njia tena, hali itakuwa mbaya.

Sheria inamruhusu meya kuvitupa viti vyote. "Nikitupa kiti cha mtu, nimemtupa na yeye," anasema. "Bora nigonge."

Watu wanatoka wakinung'unika, wanaviondoa. Kinabaki kimoja chekundu, cha Casimir Zelenka, fundi bomba mstaafu aliyempiga vita meya katika uchaguzi uliopita.

"Mama, kile hakitoki," anasema Zelenka mlangoni. "Nimezoa pale mpaka kiuno kikaniuma. Nikikitoa tu, jirani anaingiza gari lake."

"Casimir, ulipovunjika mguu nani alikuletea supu? Si Bernice?"

"Supu yenyewe haina chumvi."

"Mbona sufuria ilirudi tupu?"

Mzee anacheka bila kutaka. "Haya, na nafasi yangu ataishika nani?"

"Mimi."

Kiti kinawekwa pembeni, greda linapita. Kisha meya anakirudisha palepale na kukikalia mwenyewe, mikono kwapani, pua nyekundu, huku Zelenka akitafuta buti zake. Gari la wagonjwa linampita. Likirudi, Bernice anapunga mkono dirishani.

Gari hilo limetoka mji wa jirani. Zamani Brindell ilikuwa na lake, na kituo chake cha magari ya wagonjwa. Pacholski, aliyekuwa mhudumu wa mkahawa, alikaa katika bunge la jimbo miaka kumi na miwili, akapinga kufungwa kwa kituo hicho mpaka sauti ikamkauka. Wakubwa wakakifunga, wakasema la jirani linatosha. Linatosha kwa nani? Hawajawahi kukaa kando ya kitanda cha mtu anayekata roho wakisikiliza king'ora kisichofika. Wapo wanaume mtaani humu ambao tangu hapo wanapika kahawa ya mtu mmoja.

Wenzake bungeni walihamia kwenye kazi nono. Yeye alirudi nyumbani kuwa meya, kwa mshahara usiofika dola elfu moja kwa mwezi.

"Jumatatu nakwenda Springfield, kwa wakubwa wa jimbo, kukidai kituo chetu," anasema akiinuka. "Wasiponisikiliza, nakaa mlangoni kwao mpaka watoke."

Zelenka anakitazama kiti chake chekundu, kisha anakiingiza kwenye buti la gari la meya.

"Utakaa chini kama nani? Nenda nacho," anasema. "Ila usirudi nacho mikono mitupu."