Mkwe Aliyeketi Mlangoni

Iko siku moja naikumbuka, mwanangu, na ukisikia nashusha sauti nikiisimulia usidhani nimechoka. Ni siku ambayo wanawake wazima, wenye akili zetu timamu, tulisimama kando ya njia tukampisha mtu ambaye hakuwepo.

Umeniambia unakwenda kusomea magonjwa ya akili. Nimewasikia wenzangu humu ndani wakikucheka, eti kijana mzima anaacha kazi za maana anakwenda kukaa na vichaa. Mimi sikucheka. Sogeza kiti, kunywa chai yako kabla haijapoa, kisha unisikilize mpaka mwisho, maana ninyi vijana mna tabia ya kuondoka katikati ya maneno ya wazee.

Wakati huo tulikuwa bado chini ya Wajerumani, na vita yao na Waingereza ilikuwa imefika huku kwetu mpakani. Nilikuwa msichana mkubwa, nimeshaposwa, na mama alinituma nikakae kwa kaka yangu ili nimsaidie mke wake aliyekuwa amejifungua. Wifi yangu huyo aliitwa Sekela. Kaka mwenyewe hakuwepo. Alikuwa amejificha milimani kama vijana wengi, kwa sababu askari walikuwa wanakamata wanaume wakabebe mizigo ya vita. Walipomkosa kijana wakamchukua mzee. Baba yangu alifungwa kamba pamoja na wenzake, wakaondoka naye, na habari zake zikakatika hapo hapo.

Wewe umezaliwa mila zimeshalegea, kwa hiyo ngoja nikueleze jambo moja ambalo bila hilo hutaelewa lolote. Kwetu mke hakuruhusiwa kumtazama baba mkwe wake, wala kutaja jina lake, wala kukaa mahali alipo. Akimwona anakuja, anatoka njiani, anajifunika nguo kichwani, anachuchumaa migombani amempa mgongo mpaka apite. Ndiyo maana vijana wakioa walijenga kijiji chao mbali na baba zao, wake zao wapate kupumua. Baba yangu hakuwahi kukanyaga nyumba ya Sekela hata siku moja. Lishike hilo.

Na Sekela kwa heshima alikuwa hana mfano! Hata baada ya baba kuchukuliwa, ungemwona anatoka njiani ghafla, anajifunika, anachuchumaa. Wanawake wakawa wanamsifu kwamba huyu ndiye aliyelelewa na mama yake, anaheshimu hata nyayo za mkwe. Mimi mwenyewe nilikuwa namtania, namwambia anatuaibisha sisi ambao bado hatujaolewa. Yeye hacheki. Ugonjwa, mwanangu, ulikuwa umevaa nguo ya adabu, na sisi tukawa tunausifia nguo yake.

Basi siku ile niliyoanza kukuambia, wale wadudu wadogo wa ziwani waliinuka majini kama moshi, wingu zima, likaziba jua saa sita mchana. Sisi tulikuwa tunawala, usikunje uso. Tukachukua vikapu tukashuka ziwani kuwakinga. Sekela alikuwa mbele, mtoto mgongoni. Tulipofika penye migomba mingi, akatoka njiani, akajifunika, akachuchumaa. Waliokuwa nyuma yake nao walikuwa wake wa watu, na mke akiona mwenzake anajificha haulizi, anajificha. Wakaingia migombani wote. Sisi wengine tukasogea kando tukainamisha vichwa, tukijua mzee wa mtu anapita.

Tukangoja. Njia ilikuwa tupu, mwanangu. Nilikuwa nimeinamisha kichwa, natazama vumbi, nangoja kuona miguu ikipita mbele yangu. Hakuna miguu. Wadudu wakatufikia, wakatuingia masikioni na puani, na hakuna aliyethubutu kuinua mkono awafukuze. Kisha Sekela akasimama, akapangusa magoti, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayesema mvua imekatika, "Ameshapita baba."

Hatukukusanya wadudu siku hiyo. Tulirudi nyumbani tumeshikana mikono kama watoto.

Toka hapo mambo yakaharibika upesi. Sekela akawa halali. Nikiamka alfajiri namkuta ameketi vile vile nilivyomwacha, macho yako mlangoni. Halafu ikaja asubuhi alipotoka kwenda kuchota maji, akarudi, akafika uani, akautua mtungi polepole. Hakuingia. Alijifunika akachuchumaa nyuma ya mgomba. Nikamwita, akanionyesha kwa kidole bila kutazama: mkwe amekaa mlangoni. Na mkwe akiwa mlangoni mke apite wapi? Ndani mtoto akaanza kulia. Analia maziwa, na maziwa yanamchuruzika mama yake kifuani, lakini miguu haiendi. Nikamtoa mtoto nimpeleke nje, Sekela akakimbia, akisema nimempitisha mtoto juu ya babu yake, kwa hiyo yeye haruhusiwi kumgusa. Nikampa mtoto maziwa ya ng'ombe kwa kidole, akayatapika. Ikawa hivyo siku baada ya siku. Mtoto akakonda, kilio kikawa chembamba, mwisho akaacha kulia. Alikuwa analala tu, anatazama mlangoni alikokuwa anatazama mama yake. Hilo ndilo lililoniogopesha kuliko yote.

Watu wakaja, na kila mtu na jina lake la ugonjwa. Huyu anasema ni mzimu wa mzee, unadai matanga. Lakini matanga gani, na hakuna aliyejua kama mzee kafa? Mama alikataa kabisa, akasema hatamzika mume wake akiwa hai. Yule anasema karogwa. Wanaume waliobaki kijijini wakaona njia ni moja, watoboe gogo, wamtie mguu humo wasije wakamwokota ziwani, na mtoto apelekwe kwa wanyonyeshaji wengine akiwa bado ana pumzi. Wakalileta gogo lenyewe. Nakumbuka lilikuwa bichi, linatoka maji.

Ndipo shangazi yangu akafika kutoka Makwale. Alikuwa dada mkubwa wa baba, na watu waliovurugikiwa akili walipelekwa kwake kutoka mbali. Mama ndiye aliyemwita. Nikamkimbilia, nikamwambia hata kabla ya kumwamkia kwamba Sekela ana wazimu, kaingiwa na mzimu wa baba.

Akanitazama. "Sijakuuliza jina la ugonjwa," akasema. "Nakuuliza, alilala lini?"

Sikujua. Akaniuliza alikula lini, nikasema sijui. Akaniuliza alianza kutoka njiani kabla ya kujifungua au baada ya kujifungua. Nikafikiri, nikakumbuka kwamba kabla ya hapo ni kweli alikuwa akijificha, lakini alikuwa akijificha mtu akiwepo. Akatikisa kichwa, akasema basi ninakaa na mgonjwa bila kumwona. Maneno hayo yaliniuma, mwanangu, na yananifaa mpaka leo.

Akaenda migombani akachuchumaa karibu na Sekela, naye akaupa mlango mgongo, wakawa wawili. Hakumwambia kwamba hakuna mtu. Hakumwambia kwamba yupo. Akamgusa paji la uso kama kuna homa, hakuna. Akamwomba atoe ulimi, akauangalia kama umeng'atwa, maana wenye kifafa hung'ata ndimi. Akamuuliza jina lake na jina la mumewe, akajibu sawasawa. Kisha akamuuliza neno ambalo sisi sote hatukuwa tumelifikiria: huyo mkwe anasema nini? Anakutuma ufanye jambo gani? Baadaye aliniambia hilo ndilo swali alilokuwa analiogopa, kwa sababu wapo wanaotumwa kuua.

Sekela akasema, "Hasemi. Amenyoosha mkono tu."

Shangazi akainuka. Akaenda moja kwa moja mpaka mlangoni, akasimama, akasema, "Kaka, nipishe." Akangoja kidogo, akapita kwa ubavu, kama unavyompita mtu aliyekaa. Nami nilikuwa nimetazama chini kuona kama kuna kitakachosogea. Akatoka na mtoto, akamwambia Sekela kwamba babu yake mwenyewe karuhusu, anyonyeshwe. Sekela akampokea. Mtoto alikuwa hana nguvu ya kushika titi, shangazi akawa anamkamulia mdomoni tone tone, mpaka akashika.

Wale wanaume wakauliza na gogo je. Akawaambia wakafungie ng'ombe.

Usidhani alipona siku ile. Haraka haraka haina baraka, na akili hairudi kama mbuzi aliyekatika kamba, anayeswagwa mara moja akafika. Shangazi alimjengea kibanda migombani, mbali na mlango ule. Akampikia uji mzito wa ndizi na maziwa, akampa na mizizi ya kumtuliza ambayo alinifundisha baadaye. Akapanga kwamba kila anapolala, mmoja wetu amshike mtoto na mwingine akae pale pale, asiamke akajikuta peke yake. Hakuna kumcheka, hakuna kumkaripia, hakuna kubishana naye. Sekela akalala, mwanangu. Alilala mpaka tukawa tunamwekea kiganja puani kuona kama anapumua.

Alipokwisha kulala siku kadhaa, ndipo akasema. Siku baba alipochukuliwa, ule mstari wa waliofungwa kamba ulipita pale alipokuwa anachota maji. Njia ilikuwa nyembamba, mto huku na mwinuko huku, hakuna kichaka. Akainua macho akakutana uso kwa uso na mkwe wake. Na mzee wangu, kwa kiu, akasahau mila yote, akanyoosha mikono iliyofungwa, akamwomba maji. Mtungi ulikuwa umejaa kichwani. Lakini Sekela alifundishwa tangu utoto nini cha kufanya. Alijifunika uso akageuka akachuchumaa. Akasikia kamba ikivutwa, miguu ikipita. Na alikuwa na mimba kubwa wakati huo.

Nililia. Nikafungua mdomo nimwambie si kosa lako, shangazi akanifinya paja mpaka nikanyamaza. Akamwacha aseme yote, ayarudie tena na tena, mpaka maneno yakamwishia. Mimi nilitaka kuliziba jeraha lile haraka kwa sababu lilikuwa linaniuma mimi. Adhabu ya kaburi aijua maiti, na asiyeijua afadhali anyamaze asikilize.

Kwetu dada wa baba ni baba. Shangazi akatuma nguo ya baba iletwe, akajitanda, akaenda kukaa pale mlangoni jua likiwa juu, watu wote tunaona. Akanyoosha mkono. Sekela akaja na maji katika kibuyu, anatembea kwa magoti, uso kaugeuza pembeni. Alipofika akatetemeka mpaka maji yakamwagika, nikadhani atakimbia. Akainua macho.

"Baba, maji," akasema.

Shangazi akanywa yote. Akamrudishia kibuyu, akamwambia ameshiba, akanyonyeshe mwanawe. Sekela akapita mlangoni, akaingia ndani.

Baba hakurudi. Vita ilipokwisha kaka akashuka kutoka milimani, tukamlilia baba bila mwili. Na Sekela alipozaa mara ya pili aliugua tena, usingizi ukamwacha, akaanza kutoka njiani. Safari hii hatukumsifu. Tulimlaza mapema, na mtoto hakulala njaa hata siku moja.

Miaka mingi baadaye nilimuuliza shangazi kama siku ile alipopita kwa ubavu kulikuwa na mtu mlangoni au hapana. Akasema, "Hilo sijui. Nilichojua ni kwamba ndani kulikuwa na mtoto mwenye njaa."

Sasa shika haya, mwanangu. Usiwe mwepesi wa kutoa jina la ugonjwa, maana mtu akishapewa jina, watu huacha kumtazama. Uliza usingizi, uliza chakula, uliza ilianza lini na kabla ya hapo kulitokea nini. Ujue mila za kwao, kwa sababu ugonjwa huvaa nguo za pale pale nyumbani. Anachokiona usikidhihaki wala usikishangilie. Muulize kinamtaka nini. Kamba iwe ya mwisho kabisa, na ukiifunga, kaa naye. Na ujue kwamba yule aliyepona anaweza kuugua tena, na hiyo haina maana kwamba ulimdanganya.

Na liko moja la mwisho, tulilokuficha kwa aibu, mimi nikiwa mmojawapo. Mficha maradhi kifo humuumbua. Sekela alipobatizwa aliitwa Maria. Ndiyo, bibi yako Maria, aliyekulea mgongoni mwake, ambaye ulizoea kusema hakuna mtu mwenye akili tulivu kama yeye. Na yule mtoto aliyeacha kulia ni baba yako. Huko uendako, wakikuuliza kama kwenu kuna ugonjwa huo, usitazame chini. Sema upo, na sema ulitibiwa.

Nenda, mwanangu. Kyala, Mungu wetu, akutangulie njiani. Akupe masikio marefu na mdomo mfupi, na kila utakayemlaza aamke akijua jina lake. Na wewe mwenyewe, siku usingizi utakapokukimbia, Mungu asikunyime mtu wa kuketi karibu nawe.