Mawe Matatu ya Mstari wa Kumi na Saba

Watu wa Heru Juu wakitaka kumsifu mtu mwaminifu, husema amenyooka kama mstari wa Tharsisi. Mimi sisemi hivyo tena.

Tharsisi, baba yake Apolina, ni jirani yetu, mzee wa miaka sitini na saba, mfupi, mkali wa maneno, asiyevumilia kuona hata tuta la mchicha limepinda. Baba yake alichukuliwa manamba kwenda kukata mkonge Tanga, Tharsisi akiwa bado mgongoni kwa mama yake. Hakurudi. Habari iliyofika ni kwamba alifia shambani na kuzikwa huko huko, katikati ya mistari ya mkonge, bila alama. Mama yake Tharsisi alikufa akiuliza ni mstari gani.

Ungedhani mtu aliyelelewa na swali hilo angeyachukia mashamba makubwa. Wapi! Mwaka 2000 lilipoanzishwa shamba la miti juu ya kijiji, yeye ndiye aliyeshika kamba. Ilikuwa na fundo kila baada ya mita tatu. Penye fundo panachimbwa shimo, shimoni unaingia mche wa msindano. Kwa mama yangu, Ininahazwe, shamba ni maharage chini ya migomba na kitu cha kutia chunguni jioni. Kwa Tharsisi shamba lilikuwa mstari.

Eneo lile lilikuwa mahame. Watu wetu waliishi huko kabla ya kuhamishiwa vijijini mwaka sabini na nne, na makaburi yao walizoea kuyaweka nyuma ya nyumba. Kwa hiyo kabla ya kupanda, kila familia iliitwa ioneshe ya kwake ili yarukwe. Mama alimwonesha Tharsisi kaburi la kaka yangu, mtoto wake wa kwanza, aliyekufa akiwa na miezi minane. Wakaweka mawe matatu pamoja, yeye na Tharsisi. Kesho yake Tharsisi akavuta kamba, na fundo likaangukia katikati ya mawe.

Alikuwa ameambiwa aruke. Lakini pengo katika mstari wa kumi na saba lingeonekana kutoka barabarani, na mtu yule alikuwa na kiburi cha kamba yake. Akayabeba mawe hatua arobaini hadi ukingoni mwa njia ya kuzuia moto, akayapanga vile vile, akarudi akapanda mche. Pori lilikuwa limefyekwa na kuchomwa, kila mahali peusi, kila mahali panafanana. Mama hakutambua.

Miaka mitatu ya mwanzo, kabla miti haijafunga kivuli, tuligawiwa vipande vya kulima katikati ya miche. Kipande chetu kiliangukia mstari huo huo. Tulilima maharage, yakakubali sana, tukala.

Na kila mwezi wa sita mama alinibebesha kibuyu cha maziwa tukaenda kwenye mawe. Alipalilia, akamwaga maziwa kidogo, akamsimulia kaka habari za nyumbani: nani kaolewa, ng'ombe yupi kafa. Nami nilizoea kuyasalimia mawe yale. Tukikutana na Tharsisi njiani, alishuka baiskeli na kujitosa vichakani kama mtu aliyebanwa na haja. Tulimcheka sana.

Kumbe hakuwahi tena kuuvuka mstari ule kwa miguu yake. Mara mbili walipita kupunguza miti, na mara mbili alama ya kukatwa ilipaswa kuupata mti wa kaka. Tharsisi ndiye aliyeshika kopo la rangi, akauacha. Ukanenepa kuliko wenzake wote. Upepo ukipita, misindano yote huvuma, lakini yeye alisikia mmoja tu. Kisha baba yake akaanza kumjia usingizini, amesimama kwenye mkonge, anahesabu mistari, anakosea, anaanza upya.

Mwaka huu miti imekomaa. Mashine zimeletwa, visiki navyo vitang'olewa, na Jumatatu wangeanza upande wetu. Jumapili baada ya misa Tharsisi alikuja kwetu, akakataa kiti, akakaa chini uani na kuyasema yote haya bila kupumzika.

Niliinuka na mwiko mkononi. Nilitaka kumpiga, sioni aibu kusema. Mama akanishika gauni.

“Miaka ishirini na mitano,” alisema. “Nilikuwa naongea na nani?”

“Na mawe, Mama Debora.”

“Na yale maharage?”

Chungu kikaanza kuungua, na hakuna aliyekiepua. Kisha mama akasema, “Baba Apolina, angekuja mtu leo kutoka Tanga akakwambia, mimi ndiye niliyepanda mkonge juu ya baba yako. Ungemfanya nini?”

“Ningemlaani.” Akajifuta uso kwa kofia. “Halafu ningemwomba anipeleke.”

Mama alisimama, akafunga kitenge chake upya.

“Nimekwisha kukulaani,” alisema. “Debora, lete kibuyu. Wewe inuka, unipeleke.”